Nani Aliyesema Samani Hazihesabiki?

Mwalimu wa Kiingereza huandika ubaoni kwamba "furniture" ni jina la kitu kisichohesabika, kwa hiyo halina wingi. Wanafunzi wanaoinakili sentensi hiyo wameketi juu ya viti vinavyohesabika, mbele ya meza zinazohesabika, na huenda mwalimu mkuu amekwisha kuvihesabu vyote kwa ajili ya taarifa ya mali za shule. Hapo ndipo somo linapogeuka kuwa la kukariri. Orodha inaandikwa: "information", "advice", "equipment", "luggage", "news", "research", "homework". Chini yake linawekwa onyo kwamba maneno haya hayatiwi "s". Miaka inapita, mwanafunzi yule anaandika barua ya kuomba kazi na kutaja "equipments" na "informations", na anayeisoma anaiweka kando akidhani mwandishi hakusoma.

Nasema wazi kwamba maelezo yale ya ubaoni ndiyo yenye kasoro. Samani zinahesabika. Kisichokubali kuhesabiwa ni neno la Kiingereza, na neno si kitu. Kila lugha huamua majina gani iyatendee kama vitu vilivyosimama kimoja kimoja, na majina gani iyatendee kama jumla isiyokatwa. Uamuzi huo ni wa sarufi, na lugha mbili zinazotazama kiti kilekile zinaweza kuamua tofauti. Mwanafunzi akielezwa hivyo hana haja ya kukana anachokiona kwa macho yake ili afaulu mtihani.

Mwaka 2005 watafiti wawili wa saikolojia ya lugha, David Barner na Jesse Snedeker, walichapisha jaribio linalolithibitisha jambo hili vizuri. Waliwauliza wazungumzaji wa Kiingereza, watu wazima na watoto wa miaka minne, ni nani kati ya wawili aliye na zaidi: mwenye kimoja kikubwa au mwenye vidogo kadhaa. Kwa haradali na dawa ya meno, watu walipima ujazo. Mwenye bonge kubwa ndiye aliye na zaidi. Kwa viatu, walihesabu. Kwa "furniture" walihesabu pia, sawasawa na viatu. Mtoto wa miaka minne anayesema "furniture" bila "s" anajua kabisa kwamba anazungumzia vitu vya kuhesabu. Tofauti anayoifuata iko mdomoni, na imefika huko kwa kurithi.

Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, alilieleza kundi la majina yasiyohesabika katika kitabu chake cha falsafa ya sarufi cha mwaka 1924. Aliyaweka pamoja majina ya vitu vya kushikika kama maji na siagi, na ya visivyoshikika kama muziki na mafanikio. Kinachoyaunganisha ni kwamba jina halibebi ndani yake umbo wala mpaka. Ukisema "kiti" umekwisha kutaja umbo na mahali kinapoishia. Ukisema "siagi", hujasema inaanzia wapi. Maelezo hayo ni mazuri kwa siagi. Kwa "furniture" na "luggage" hayatoshi, na ndiyo maana maneno kama haya huwatesa wageni wa Kiingereza kuliko "water" na "rice".

Kiswahili nacho kina majina yasiyo na umoja na wingi, na kinayaonyesha kwa uwazi ambao Kiingereza hakina. Mwanafunzi wa Kenya anayesoma ngeli kwa viambishi vya upatanisho hukutana na YA-YA, U-U na I-I. Jina la ngeli lenyewe linamwambia kwamba hakuna mabadiliko: maji haya, mafuta haya, unga huu, ukweli huu, sukari hii, amani hii. Maji yamesimama upande wa wingi na hayana umoja wake. Unga umesimama upande wa umoja na hauna wingi wake. Katika lugha nyingi za Kibantu ngeli ya ma-, ambayo ni ya 6 katika hesabu aliyoianzisha mwanaisimu Wilhelm Bleek mwaka 1862, hubeba wingi wa majina mengine na wakati huohuo ni makazi ya vimiminika: maji, mate, maziwa, mafuta. Babu zetu waliona kimiminika kuwa wingi. Waingereza waliona umoja, wakasema "water is". Maji yenyewe hayakubadilika.

Tena si ngeli peke yake. Mswahili husema watu wachache lakini maji kidogo. Huuliza viti vingapi lakini unga kiasi gani. Neno -ingi pekee ndilo linalopita pande zote mbili: viti vingi, maji mengi. Sasa tazama Kiingereza: "many" na "much" kwa -ingi, "few" na "little" kwa -chache na kidogo, "how many" na "how much" kwa -ngapi na kiasi gani. Mzungumzaji wa Kiswahili ana sababu ya kuchanganya "many" na "much", kwa kuwa lugha yake haijamfundisha kuzitenga. Kwa "few" na "little" hana sababu hiyo, kwani tofauti ileile ameitumia tangu alipoanza kusema, bila mwalimu na bila fimbo. Somo la nomino zisizohesabika lingeanzia kwenye wachache na kidogo, mtoto angelipokea kama jambo la nyumbani.

Lugha zote mbili zina mlango wa kutokea, na mlango huo ni mmoja. Mteja akiingia mgahawani Tanga na kuagiza chai mbili na maji matatu, hakuna anayemsahihisha. Mhudumu anajua ni vikombe viwili na chupa tatu. Mwingereza husema "two coffees" kwa namna ileile. Kile ambacho mazoea yamekwisha kukigawa kwa kipimo kinachojulikana huhesabika mara moja, hata kama jina lake ni la jumla. Mlango wa kuelekea upande wa pili, kutoka kitu kimoja kwenda jumla, ni mgumu zaidi kwetu. Kiingereza hutenganisha "a chicken", kuku mzima mwenye manyoya, na "chicken", nyama yake sahanini. Sisi tunasema tumekula kuku, basi. Kwa hiyo anayeandika kwamba jana alikula "a chicken" huwashangaza wasomaji kwa ulafi ambao hakuwa nao, na kosa lake halihusu kuhesabu hata kidogo. Linahusu "a", kineno ambacho Kiswahili hakikukihitaji.

Pale ambapo mazoea hayajagawa, lugha hutumia neno la kugawia, na hapa Kiswahili ni tajiri. Tuna punje ya mchele, tone la maji, chembe ya chumvi, tonge la ugali, funda la maji kinywani, bonge la udongo, kipande cha mkate, tita la kuni. Kiingereza nacho kina "grain", "drop", "lump", "loaf", "sheet" na mengine, lakini kwa mambo yasiyoshikika hukimbilia zaidi neno moja, "piece": "a piece of advice", "a piece of news", "a piece of evidence". Mwambao ulikuwa na vipimo vyake vya kuvikamata vitu visivyo na mpaka: vibaba vinne hufanya pishi moja, na mpaka leo Waislamu wengi wa pwani hutaja pishi wanapotoa zaka ya fitri. Asemaye haba na haba hujaza kibaba anaeleza nusu ya sarufi hii. Haba hazihesabiki, kibaba ndicho kinachohesabika.

Sehemu inayonivutia kuliko zote katika lugha yetu ni ngeli ya U-ZI. Nywele ni jumla iliyo kichwani. Ukitaka mmoja tu unautoa kwa u-: unywele. Kuni ziko jikoni. Ukuni ni mmoja uliochomolewa kwenye tita. Shanga ziko kiunoni au shingoni, ushanga ni mmoja. Hapa jumla ndiyo iliyotangulia katika mawazo, na mmoja ndiye anayeundwa. Kiingereza hakina kiambishi kama hicho. Kina "hair" ya jumla na "a hair" ya mmoja, umbo lilelile, na anayejifunza lazima akisie kwa muktadha. Kisha tuna ushauri na shauri. Ushauri hauna wingi, kama "advice" lisivyo na wingi. Shauri lina mashauri. Hapo Kiswahili kimempa msemaji uhuru: akitaka jumla anayo, akitaka moja moja anayo pia.

Hilo linanifikisha kwenye makosa yenyewe, ambayo husemwa kwa jumla kwamba yanatokana na Kiswahili. Si kweli kwa yote. Mtu akiandika "luggages", amefuata mizigo. Akiandika "equipments", amefuata vifaa. Akiandika "two breads", "three chalks" au "many works", amefuata mikate miwili, chaki tatu na kazi nyingi, majina ambayo kwetu yanahesabika bila msaada, wakati Kiingereza kinadai "loaves of bread" na "pieces of chalk". Lakini anayeandika "advices", "evidences" na "researches" hakufuata ushauri, ushahidi wala utafiti, kwani majina haya kwa asili yake hayana wingi kwetu pia. Angefuata Kiswahili angepatia. Nadhani kilichomponza ni kwamba neno la Kiingereza halina alama yoyote usoni. "Advice" na "device" yanafanana kama pacha. Moja linahesabika, jingine halihesabiki, na hakuna kiambishi cha kumwonya msomaji. Kwetu ushauri umevaa u- yake mbele na kila neno linaloufuata linapatana nayo. Mwalimu anayetenga makundi haya mawili ya makosa atawasaidia wanafunzi wake kwa njia mbili tofauti: kundi la kwanza kwa kuwaonyesha lugha zinapoachana, kundi la pili kwa kuwakumbusha kile ambacho lugha yao tayari inakijua.

Neno la fedha ni mfano wa kukaa nao kidogo. "Money" halihesabiki katika Kiingereza, na kila mwanafunzi mwenye akili huuliza kwa nini, maana hakuna kitu kinachohesabiwa mara nyingi kama hicho. Jibu ni kwamba kinachohesabiwa ni shilingi, dola, noti na sarafu. Sisi tuna njia zote mbili ndani ya historia ya maneno yetu. Fedha lilitoka kwenye jina la Kiarabu la madini, kitu cha kupimwa kwa mizani. Pesa lilikuja kutoka India likiwa jina la sarafu ndogo, na lilihesabiwa kwa namba: Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa sarafu za pesa kuanzia mwaka 1890, 64 kwa rupia moja, mpaka mwaka 1904 hesabu hiyo ilipoachwa na kuingia heller 100 kwa rupia. Sarafu ikafa, jina likabaki, na likayeyuka kuwa jumla. Leo nina pesa nyingi haina maana ya sarafu nyingi. Neno linaweza kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine ndani ya vizazi vichache.

Kiarabu ndicho kinachokaribiana zaidi na unywele na nywele zetu, na wasomaji waliopita madrasa wanayo mifano kichwani bila kuiita sarufi. Katika Kiarabu, baqar ni ng'ombe kwa jumla, baqara ni ng'ombe mmoja. Nahl ni nyuki, nahla ni nyuki mmoja. Tamr ni tende, tamra ni tende moja. Sura ya pili ya Kurani imeitwa kwa jina la mmoja, Al-Baqara. Sura ya kumi na sita imeitwa kwa jina la jumla, An-Nahl. Katika sura ya An-Naml, jina la sura ni sisimizi kwa jumla, lakini anayewaambia wenzake wajifiche ni namla, sisimizi mmoja. Mfalme wa Misri katika sura ya Yusuf anaota ng'ombe saba, na hapo neno ni baqarat, wingi uliojengwa juu ya yule mmoja, kwa sababu namba haiwezi kushikamana na jumla tupu. Ngazi ni tatu: jumla, mmoja, wengi waliohesabiwa. Wanasarufi wa Kiarabu walikwisha kuyapa majina haya mafungu yao karne nyingi kabla ya Jespersen, na hawakusema kwamba ng'ombe hawahesabiki. Walisema tu kwamba kuhesabu kunahitaji kwanza kumtoa mmoja. Naliona hili kuwa elezo bora kuliko la vitabu vyetu vya Kiingereza, na linamfaa mtoto wa Lamu au Unguja aliyelisikia kabla hajajua kusoma.

Kichina kimekwenda mbali zaidi. Huko karibu kila jina hutendewa kama "furniture". Huwezi kusema viti vitatu moja kwa moja. Lazima kati ya namba na kiti liingie neno la kugawia, ba kwa vitu vinavyoshikwa kwa mkono, zhang kwa vilivyo bapa kama karatasi na meza, ben kwa vitabu. Wanafunzi wanaosoma Kichina kwenye taasisi ya Konfyushasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2005, hujifunza maneno haya mapema kabisa, na hakuna anayewaambia kwamba viti vya Wachina havihesabiki. Upande wa pili wa dunia, Wayudja wa bonde la Xingu nchini Brazili huweka namba moja kwa moja mbele ya maji na damu bila neno la kugawia. Msikilizaji huelewa ni sehemu gani inayosemwa. Utafiti wa mwanaisimu Suzi Lima uliochapishwa tangu mwaka 2014 ndio uliowafanya wanaisimu wengi waitazame lugha hiyo. Basi Kiingereza kimekaa mahali fulani katikati, na mahali pake hapana utakatifu wowote.

Kwa Waswahili wa Kongo, Burundi na Rwanda, mtego ni Kifaransa. "Information", "furniture", "equipment" na "advice" yote yana asili ya Kifaransa, na huko yanakotoka, maneno ya kutaja mambo hayo huhesabika kama kawaida: des informations, des meubles, des équipements, des conseils. Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kuhamisha masomo kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, walimu walilazimika kuyapokea maneno ambayo sura zao waliwahi kuzijua, lakini tabia zao zimegeuka. Mtu wa Bukavu anayeandika "informations" huko Kampala amefuata lugha ya asili ya neno hilo. Kifaransa chenyewe, kwa vitu visivyo na mpaka, kina du na de la: du pain, de la viande. Alama imo ndani ya sentensi, mbele ya jina, pale ambapo Kiingereza kinaacha nafasi tupu na kutarajia msomaji aitambue.

Waingereza wenyewe hawakushika msimamo mmoja. Mshairi Geoffrey Chaucer, katika hadithi ya Melibee ya karne ya 14, aliandika "information" kwa wingi. "News" lilikuwa wingi kwa wengi wa zama za Shakespeare kabla halijatulia kuwa umoja, ndiyo maana lina "s" inayowapoteza wanaojifunza. Zamani "pease" lilikuwa jumla, kama mchele ulivyo kwetu. Katika karne ya 17 masikio ya watu yaliisikia sauti ya mwisho kuwa ya wingi, wakaikata, wakapata "pea" moja ambayo haikuwapo. Na ile kanuni ya "less" kwa visivyohesabika na "fewer" kwa vinavyohesabika, ambayo watu hugombana kwayo mpaka leo, iliwekwa wazi na mwandishi Robert Baker mwaka 1770 kama upendeleo wake tu. Kabla yake Waingereza walitumia "less" kwa vyote kwa mamia ya miaka. Mwaka 2008 maduka ya Tesco nchini Uingereza yaliamua kubadilisha mabango ya foleni za haraka ili kuepuka kuchagua baina ya maneno hayo mawili.

Je, tuendelee kufundisha kwamba "equipments" ni kosa? Ndiyo. Wanaisimu Randolph Quirk na Braj Kachru walilumbana kuhusu jambo pana linalofanana na hili kwenye jarida la English Today mwaka 1990 na 1991, Quirk akitetea kipimo kimoja, Kachru akitetea haki ya Kiingereza cha India, Nigeria na kwetu kuwa na tabia zake. Moyo wangu uko kwa Kachru. Lakini mtihani wa taifa, barua ya kazi na makala ya jarida la kitaaluma husomwa na watu wa upande wa Quirk, na kijana maskini ndiye anayelipa gharama ya msimamo wetu. Afundishwe umbo linalokubalika, aambiwe kwamba ni makubaliano, aonyeshwe yalikotoka, na asidharauliwe anapokosea. "Trainings" naliona limekwisha kuingia kila ofisi ya mashirika, kuanzia Dodoma mpaka Goma, na silikati tena ninapohariri. "Furnitures" bado nalikata.

Mvutano huohuo uko sasa ndani ya Kiswahili, na tunaushuhudia magazetini. Utafiti ulikuwa wa U-U, hauna wingi. Leo waandishi wengi huandika tafiti nyingi zinaonyesha, wakilihamishia neno hilo kwenye U-ZI, nyumba ya kuta na nyimbo. Wapo walimu wanaolipinga kwa hoja zilezile anazotumia Mwingereza kupinga "researches". Mimi nalikubali tafiti, kwa sababu wasomi wetu wamefika mahali wanahitaji kuzitaja moja moja na kuzilinganisha, na ngeli ya kuzipokea ilikuwapo tangu zamani. Ushauri sijasikia ukiwa na wingi wa namna hiyo, na hauuhitaji, maana mashauri yapo.